15 juu ya 120: fungu la mjane na zoezi la darasa la tano

Katika madaftari mengi ya hisabati ya shule ya msingi kuna ukurasa wenye neno moja la kalamu nyekundu: "Rahisisha." Mtoto kaandika 15/120. Hesabu yote kaifanya sawasawa, hakukosea kujumlisha wala kutoa, lakini mwalimu kamkata alama. Analeta daftari nyumbani amenuna, na mzazi ambaye mambo haya aliyaacha darasani miaka mingi iliyopita anabaki kujiuliza: sasa kosa hapa liko wapi?

Kosa halipo. 15/120 ni jibu la kweli, ila halijamalizwa, kama samaki aliyeletwa jikoni kabla ya kuparwa. Mwalimu anataka 1/8. Mtoto akiuliza kwa nini, mara nyingi huambiwa "ndivyo mtihani unavyotaka", na hapo ndipo somo linapokufa. Kwa mzazi wa Kilwa, Mchinga au Lindi mjini ipo sababu nzito kuliko mtihani, na huenda imelala kabatini, ndani ya bahasha ya kaki iliyotoka Mahakama ya Mwanzo.

Kabla ya kuifungua bahasha, ni vizuri mzazi ajue kwamba kurahisisha anakufanya kila siku. Hakuna anayemwambia jirani "nisubiri dakika 15 kati ya 60". Anasema robo saa. Anayepimiwa gramu 750 za dagaa hasemi 750 juu ya 1,000, anasema robo tatu kilo. Na bibi aliyezoea kupima nafaka kwa pishi ya vibaba vinne, akimimina vibaba viwili husema nusu pishi, wala hakuna aliyemkata alama. Shida ya mtoto ni kwamba darasani kitu hiki kimevuliwa saa, kilo na pishi, zimebaki namba tupu.

Shuleni namba ya juu huitwa kiasi na ya chini huitwa asili. Asili inaeleza kitu kizima kimegawanywa mafungu mangapi yaliyo sawa, na kiasi kinaeleza yamechukuliwa mangapi. Kurahisisha ni kugawanya kiasi na asili kwa namba ileile, mpaka isibaki namba yoyote zaidi ya 1 inayoweza kuzigawanya zote mbili bila baki. Kanuni yenyewe imeishia hapo. Kinachohitaji muda ni kuelewa kwa nini inaruhusiwa.

Sasa bahasha. Chukua mfano wa familia moja ya Kilwa Kivinje. Baba amefariki. Madeni yamelipwa, gharama za mazishi zimetolewa, wasia haupo. Imebaki shamba ya minazi 120. Warithi ni mjane, mama mzazi wa marehemu, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike. Familia ni ya Kiislamu na mirathi inakwenda kwa sheria ya Kiislamu.

Sheria hiyo, katika aya ya 11 na ya 12 za Suratun-Nisaa, inataja mafungu sita tu: nusu, robo, thumni, theluthi mbili, theluthi na sudusi. Thumni ni 1/8 na sudusi ni 1/6. (Wazee walioziita senti hamsini "sumni" walikuwa wakilitumia neno hilohilo la moja ya nane.) Mjane ambaye mumewe ameacha watoto ana thumni. Mama wa marehemu, kwa kuwa watoto wapo, ana sudusi. Kinachobaki ni cha watoto, na kila wa kiume anapata mara mbili ya wa kike.

Msimamizi wa mirathi anakaa chini na karatasi. Moja ya nane na moja ya sita hazijumlishiki mpaka zipewe asili moja, na namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa 8 na kwa 6 ni 24. Kwa hiyo mjane ana 3/24, bibi ana 4/24, jumla 7/24. Watoto wamebakiwa na 17/24. Kwa kuwa wa kiume wawili wana mafungu mawili mawili na wa kike ana moja, hayo 17 yanatakiwa kukatwa mara tano, na 17 kwa tano haigawanyiki. Basi asili nzima inazidishwa kwa tano: 24 inakuwa 120. Mjane 15/120. Bibi 20/120. Kila mtoto wa kiume 34/120. Wa kike 17/120. Ukijumlisha 15, 20, 34, 34 na 17 unapata 120 kamili, mnazi haukosi wala haubaki.

Karatasi hiyo ndiyo inayorudi nyumbani. Mjane anaitazama, haoni thumni popote. Anamwita binti yake.

"Mwanangu, hebu njoo unisomee. Hapa kwenye jina langu wameandika nini?"

"Mama, wameandika kumi na tano juu ya mia moja na ishirini."

"Sheikh alisema nina thumni. Hiyo thumni imekwenda wapi?"

Binti wa darasa la tano aliyefundishwa vizuri hana haja ya kumwita mtu. Zote mbili zinagawanyika kwa 5: 15 inakuwa 3, 120 inakuwa 24. Anapata 3/24. Zote mbili zinagawanyika kwa 3: anapata 1/8. "Ni ileile mama. Wameiandika kwa urefu tu."

Kwa nini ni ileile? Hapa mtoto asipewe kanuni, apelekwe shambani kwa mawazo. Ile minazi 120 ipange kwa safu, kila safu minazi 15. Zinatoka safu 8. Mjane anachukua safu moja katika nane. Hakuna mnazi uliokatwa wala kuongezwa, kilichobadilika ni namna ya kuhesabu: badala ya mnazi mmoja mmoja, sasa inahesabiwa safu kwa safu. Bibi naye, safu zipangwe za minazi 20, zinatoka sita, achukue moja. Hiyo ndiyo sudusi yake. Kwa mtoto wa kiume, 34/120, namba inayogawanya zote ni 2 peke yake, basi minazi ihesabiwe jozi jozi: jozi 60, zake ni 17. Yaani 17/60. Kwa binti hakuna njia. 17 ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe, na 120 haigawanyiki kwa 17. Fungu lake litabaki 17/120, mnazi kwa mnazi. Mtoto akikuta sehemu kama hiyo asidhani amekosea. Sehemu hiyo ilizaliwa ikiwa rahisi.

(Mashambani mambo hayawi manyoofu namna hii, kwa sababu mnazi mkongwe na mnazi unaoanza kuzaa si kitu kimoja. Ndiyo maana familia nyingi huthamini mali kwa fedha kwanza.)

Tuseme basi shamba imeuzwa shilingi 6,000,000. Mjane anaweza kupiga hesabu kwa njia mbili. Kwa karatasi: 6,000,000 gawanya kwa 120 ni 50,000, mara 15 ni 750,000. Kwa thumni: 6,000,000 gawanya kwa 8 ni 750,000. Njia ya pili anaifanya kwa kichwa, amekaa mkekani, bila simu: nusu ya milioni sita ni tatu, nusu ya tatu ni moja na nusu, nusu ya hiyo ni laki saba na nusu. Hapo ndipo faida ya kurahisisha ilipo. Mtu asiyejua kusoma hesabu ndefu anaweza kuikagua akiipata fupi, na mwenye kukagua haonewi kirahisi.

Simu nayo ina mtego wake. Anayegawanya 1 kwa 6 kwenye kikokotoo cha simu anapata 0.1666 na sita zinaendelea hadi kioo kinaisha. Akiamua kuandika 0.16 ili mambo yawe mepesi, bibi anapata 960,000 badala ya 1,000,000. Shilingi 40,000 zimepotea kwa sababu ya kuchoka kuandika. Anayempa mjane "asilimia 12" badala ya 12 na nusu amemnyima 30,000. Si lazima awe mwizi. Lakini fedha imekwenda hivyohivyo, na sudusi iliyoandikwa 1/6 isingeipoteza hata senti.

Lipo jambo ambalo walimu wengine hulipita haraka, nalo linawachanganya watoto kuliko kanuni yenyewe: kuna wakati wa kutorahisisha. Katika karatasi ya msimamizi, mafungu yote yameachwa kwa asili ya 120 makusudi, ili kila mrithi aone lake karibu na la mwenzake na jumla ifike 120. Ukiyarahisisha yote, 1/8, 1/6, 17/60, 17/60 na 17/120, kila moja ni sahihi lakini hayasomeki kwa pamoja. Nani anaweza kutazama tu akajua kama 17/60 ni kubwa kuliko 1/6? Kwa hiyo sehemu ndefu ni ya kulinganisha na kujumlisha, fupi ni ya kuelewa na kukagua. Mtoto aliyeambiwa "rahisisha kila mara" hukwama anapotakiwa kujumlisha 1/8 na 1/6, kwa sababu pale anatakiwa afanye kinyume chake.

Wataalamu wa elimu ya mirathi wanalijua hili zamani. Namba kama 24 wao huiita asili ya suala, neno lilelile asili ambalo mtoto analikuta kwenye kitabu chake cha Hisabati. Al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad katika karne ya tisa kile kitabu kilichoipa aljebra jina lake, alitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa mafumbo ya wasia na mirathi. Hesabu hizi hazikutungwa kuwatesa watoto.

Na Kilwa yenyewe ina mfano wake. Mwaka 1331 msafiri wa Moroko, Ibn Battuta, alifika mjini hapa wakati wa Sultani Hasan bin Sulaiman, aliyepewa jina la Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, kwa ukarimu wake. Ibn Battuta anaeleza kwamba sultani huyo alikuwa na desturi ya kuvamia nchi za bara na kuchukua ngawira, na kwamba humusi ya ngawira hiyo, yaani 1/5, aliitenga na kuitumia kama ilivyoamriwa katika Qurani. (Waliovamiwa hawakuulizwa maoni yao juu ya ukarimu huo.) Kinachofaa kumwonyesha mtoto ni jinsi sheria ilivyosemwa. Haikusemwa 20 kati ya 100, kwa sababu ngawira haiji mia mia. Ikiwa 35, humusi ni 7. Ikiwa 1,000, ni 200. Sehemu iliyorahisishwa haijafungwa kwenye idadi yoyote, na ndiyo maana mafungu ya mirathi nayo yametajwa kwa ufupi wake: thumni ni thumni ya minazi 120, ya ng'ombe wanane au ya nyumba moja.

Makosa ya watoto katika somo hili ni yaleyale mwaka hadi mwaka, na njia nzuri ya kuyaonyesha ni kuyapeleka kwenye lile fungu la mjane.

Wapo wanaopunguza badala ya kugawanya. Mtoto anaondoa 10 juu na 10 chini, 15/120 inakuwa 5/110, ambayo ni 1/22. Kwa shamba ya milioni sita mjane angepata kama 272,700 badala ya 750,000. Mtoto akiiona tofauti hiyo kwa shilingi, harudii. Wapo wanaogawanya chini peke yake: 15/120 inakuwa 15/24, ambayo ni 5/8, na mjane amechukua zaidi ya nusu ya shamba, bibi na watoto wanatazama.

Kosa la tatu ni la ujanja. Mtoto anaona tarakimu inayofanana juu na chini, anaifuta. Katika 16/64 akizifuta sita mbili anapata 1/4, na kwa bahati mbaya ni jibu sahihi. Bahati mbaya kweli, kwa sababu sasa ataamini. Apewe 13/39. Akifuta tatu anapata 1/9, wakati 13 imo ndani ya 39 mara tatu, kwa hiyo jibu ni 1/3. Tarakimu si kigawo. Tatu iliyo mwishoni mwa 13 haiigawanyi 13.

Mwingine anaishia njiani, anaacha 3/24. Huyu asigombezwe sana, njia anayo, amechoka tu kabla ya kufika. Aulizwe: bado kuna namba inayozigawanya zote? Ajaribu 2, halafu 3, halafu 5, kisha namba tasa zinazofuata. Kwa hesabu nyingi za shule ya msingi tatu hizo za kwanza zinatosha.

Namba zikiwa kubwa na mtoto haoni kigawo, kuna njia ya kamba, ambayo Mgiriki Euclid aliiandika yapata mwaka 300 kabla ya Kristo. Pwani hii kamba hazikosekani. Mtoto anataka kurahisisha 45/120. Akate kamba moja ya sentimita 120 na nyingine ya sentimita 45. Kila mara anapima fupi juu ya ndefu na kukata urefu ule. 120 ukitoa 45 ni 75, ukitoa tena 45 ni 30. Sasa fupi ni ile ya 30, basi inapimwa juu ya ile ya 45, inabaki 15. Ile ya 15 juu ya ile ya 30, inabaki 15. Kamba mbili zimelingana, kazi imekwisha: 15 ndicho kigawo kikubwa cha shirika, kile ambacho vitabu hukiita KKS. 45 gawanya kwa 15 ni 3, 120 gawanya kwa 15 ni 8. Jibu 3/8, kwa hatua moja. Kamba zikiendelea kukatwa mpaka vimebaki vipande vya sentimita moja moja, maana yake sehemu ile hairahisishiki.

Kwa mazoezi ya jioni, kifaa bora kiko kibarazani. Bao lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64. Safu moja ni 8/32, ambayo ni robo ya bao. Upande wa mchezaji mmoja ni 16/32, nusu. Mwanzo wa mchezo kila mchezaji ana kete 32: nyumbani sita, mashimo mawili ya jirani mbili mbili, na 22 mkononi. Babu amuulize mjukuu: nimeshika sehemu gani ya kete zangu? 22/32, gawanya kwa 2, ni 11/16. Na sehemu gani ya kete zote za bao? Sasa asili ni 64: 22/64, yaani 11/32. Kete ni zilezile, jibu jingine, kwa sababu kitu kizima kimebadilika. Swali hilo moja lina thamani kuliko mazoezi ishirini ya ubaoni, maana watoto wengi wanarahisisha vizuri ila hawajui wanarahisisha sehemu ya nini.

Kisha namua ianze. Babu akitia kete moja, mkononi zimebaki 21 kati ya zile 32 alizoanza nazo. 21/32 hairahisishiki. Akitia nyingine, 20/32 ni 5/8. Halafu 19/32, imegoma. 18/32 ni 9/16. 17/32, imegoma tena. Mtoto aachwe aone mwenyewe kwamba zinazogoma zote ni namba witiri, na atafute sababu: 32 imejengwa kwa mbili tupu, 2 × 2 × 2 × 2 × 2, hakuna kigawo kingine cha kushirikiana na namba ya juu. Na babu atakapobakiwa na kete 16, asimsaidie. Asubiri mjukuu aliseme mwenyewe jina lake.